Flaviana Matata: kutoka kipara cha Miss Universe 2007 mpaka rangi za kucha na pedi. Tujadili biashara sio sura

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Najua humu ukitaja ma-miss watu wanakimbilia nani alitoka na nani, hizo habari zina nyuzi zake, hapa naomba tuongelee hela. Huyu dada namfatilia kitambo na naona wengi wanamjua kwa picha tu, ile ya kichwa kimenyolewa kabisa, lakini ukiuliza anafanya nini utaambiwa "si mwanamitindo wa Marekani yule", basi. Hiyo ni nusu ya habari na nusu nyingine ndio imenifanya nianzishe uzi.

Tuanzie mbali kidogo. Flaviana ni mtoto wa Shinyanga, na alimpoteza mama yake kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza kidogo tu kuingia Mwanza, zaidi ya watu 800 walikufa. Alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Mambo haya ameyasema mwenyewe hadharani mara nyingi kwaiyo sio umbea, na miaka ya baadaye akawa anatoa maboya ya kujiokolea kwa ajili ya wasafiri wa ziwani, sio kutuma salamu za rambirambi kila Mei alafu basi.

Alafu akasomea umeme. Ndio, umeme, waya na saketi. Hapa ndio wengi hawaamini maana kichwani kwetu binti mrembo na bisibisi haviendi pamoja.

2007 ndio Tanzania ikapeleka mtu Miss Universe kwa mara ya kwanza. Msichanganye na Miss Tanzania, hii ni nyingine, Miss Tanzania anaenda Miss World. Hii ya Universe ililetwa na Maria Sarungi na kampuni yake, na wa kwanza kushinda akawa Flaviana, akaenda Mexico City na kipara chake wakati wenzake wote wamebeba nywele mpaka kiunoni. Akaingia kumi bora. Mjapani Riyo Mori ndio alichukua taji, lakini kwa nchi inayoshiriki mara ya kwanza ile kumi bora ilikuwa kubwa sana aisee, na picha yake ilizunguka kuliko za baadhi ya waliompita.

Baada ya hapo New York, majukwaa, kina Vivienne Westwood, kina Tory Burch, matangazo. Hapo kati 2011 akaanzisha taasisi yake, Flaviana Matata Foundation, inashughulika na elimu ya watoto wa kike hasa, vifaa vya shule, na ile shule ya msingi Msinune kule Bagamoyo waliisimamia ikabadilika sura. Alafu ndio ikaja Lavy, rangi za kucha. Na baadaye pedi.

Sasa swali langu kwenu, kwanini mtu aliyefika New York, mwenye uwezo wa kuweka jina lake kwenye gauni la bei mbaya au manukato, anaamua kuuza kichupa cha rangi ya kucha na pakiti ya pedi? Mi nina jibu langu ila nataka nisikie kwanza.

#2

Uzi mzuri. Nimekaa hapa na chai yangu.

#4

Mleta uzi usitufunge kamba. Biashara zote za ma-miss Bongo hii mtaji tunajua unatoka wapi. Mnatuandikia historia kama vile mtu aliuza karanga stendi akapata bilioni.

#5 (mleta uzi)

#4 nilijua utakuja, nimeshangaa umechelewa. Kwa huyu ninayemuongelea mtaji hauhitaji upelelezi, alikuwa na kazi inayolipa kwa dola miaka kadhaa. Ila hata hiyo kazi ya uanamitindo watu wanaikuza, tuiweke sawa. Ukipata kazi wakala wako anakata chake kwanza, kule kwa kawaida ni asilimia 20, kodi inakata, nyumba ya New York inakata, na kazi zenyewe hazina mshahara wa mwezi, wiki hii umepigwa picha wiki tatu zinazofuata unazunguka kwenye usaili unaambiwa asante. Kwaiyo mwanamitindo mwenye akili anajua ana miaka michache ya kukusanya kabla simu haijaacha kuita.

Na hili la "mtaji unatoka wapi" mbona mwanaume akifungua hardware haulizwi? Baba kampa, mjomba kampa, SACCOS, inaishia hapo. Binti akifungua duka inakuwa kesi.

#7

Mimi nimekaa kwenye vipodozi Kariakoo miaka mingi, nitajibu swali la mleta uzi kwa upande wa biashara.

Gauni mtu ananunua mara moja, na akishanunua hataki mwenzake alivae. Manukato chupa moja inakaa miezi na miezi. Rangi ya kucha inaisha, inakauka, inamwagika, shoga yako anaiazima harudishi, na mwanamke mmoja anataka nyekundu na maziwa na kahawia na ile ya kumetameta ya harusi. Pedi ndio usiseme kabisa, hiyo kila mwezi atake asitake. Mfanyabiashara yeyote anatafuta kitu ambacho mteja atarudi bila kumpigia simu. Kwaiyo huyo dada hakukosea hesabu.

Lakini sasa niwaambie ugumu wake maana mnaona wepesi. Huku chini rangi ya kucha ni vita. Kuna vijana wanatembea mtaa kwa mtaa na vikapu, chupa kumi na tano ishirini zimepangwa, anakupaka umekaa kibarazani kwako unampa hela ndogo anaondoka. Hao ndio wateja wakubwa wa maduka yetu, na wanataka rangi ya bei ya chini kabisa, hawaulizi imetengenezwa na nani wala ina nini ndani. Ukiwaletea chupa ya Lavy wanaicheka bei. Hata iwe nzuri vipi. Kwaiyo yeye hawezi kuwauzia hao, lazima auze kwa mwanamke wa ofisini, wa saluni ya maana, na wa kutumiwa mzigo kwa oda za Instagram. Ni soko, lipo, lakini sio kubwa kama watu wanavyodhani wakiona mji umejaa wanawake.

#8

#7 mama umeongea. Hiyo ya vijana wa vikapu nimecheka, jana tu kapita mmoja hapa mtaani anaita "kucha kuchaaa".

#9

Naomba niongeze la huku kwetu pwani na visiwani. Rangi ya kucha kwa Muislamu anayeswali ni mtihani, ile inaziba maji yasifike kwenye ukucha na udhu hautimii. Ndio maana wanawake wengi huku wanapaka siku ambazo hawaswali, wakimaliza wanatoa. Siku zilizobaki ni hina na piko. Sasa ukipiga hesabu zako kwa idadi ya wanawake wote wa Dar, Tanga, Unguja utajidanganya, wengi wao kwa mwezi unawapata siku chache. Zipo rangi zinazotangazwa kuwa zinapitisha maji lakini masheikh wenyewe hawajakubaliana na bi dada mwenye swala zake hataki mashaka.

Pedi lakini haina dini. Hapo kanikosha.

#11 (mleta uzi)

#9 shukrani, hilo sikuwa nimelipima kwa uzito huo. Na linaenda moja kwa moja kwenye jibu langu. Mi naona rangi ya kucha ilikuwa bidhaa ya kuingilia. Ni ndogo, kiwanda hujengi, unaenda kwa watengenezaji wanakuchanganyia rangi unazotaka wanaweka kwenye chupa yenye jina lako, wewe unabaki na kazi ya jina na kuuza. Na jina alikuwa nalo. Pedi ndio bidhaa ya kukaa. Inaungana na taasisi pia, maana taasisi inahangaika na binti wa shule anayekosa masomo akiwa kwenye siku zake, na biashara inauza kitu kile kile. Sehemu ya mauzo ya Lavy inarudi kwenye taasisi. Mtu mwingine angekuwa na biashara huku na "kusaidia jamii" kule kwa ajili ya picha, yeye kavikutanisha.

Ila msije mkadhani kuingiza rangi ya kucha nchini ni kubeba begi. Ile kitu inawaka moto, kwenye ndege inahesabika mzigo wa hatari, ina vifungashio vyake na makaratasi yake na gharama yake. Ukifika huku kuna TBS, shirika la viwango. Vipodozi zamani vilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, 2019 sheria ikabadilika TFDA ikawa TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, chakula na vipodozi vikahamia TBS. Bado BRELA, wale wa kusajili kampuni na alama za biashara, kulinda jina lako maana ukichelewa Kariakoo watalichapisha kabla yako.

#12

Hapo BRELA wadau msilale. Watu wanadhani ukisajili kampuni umelinda chapa. Hapana. Jina la kampuni ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kitu kingine, unaiombea peke yake na kwa aina ya bidhaa, vipodozi darasa lake, nguo darasa lake. Umesajili kwa vipodozi alafu mtu akatoa ndala kwa jina lile lile, utalia.

#14

Mimi ni wa mahesabu, naona mmegusa pedi bila kugusa kodi na hapo ndipo penye utamu.

Mnakumbuka bajeti ya 2018/19? Serikali ilisamehe VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye pedi, watu wakashangilia. Mwaka uliofuata 2019/20 ikarudishwa, asilimia 18 kama kawaida, hoja ikiwa kwamba bei dukani haikushuka, yani msamaha umeliwa njiani na mwananchi hajauona. Kelele zikawa nyingi. Lakini kuna kitu kwenye kusamehewa VAT ambacho watu wengi hawakielewi. Ukiuza bidhaa iliyosamehewa, ile VAT uliyolipa wewe kwenye malighafi, umeme, vifungashio, usafirishaji, huwezi kudai TRA wakurudishie, inabaki kuwa gharama yako na unaitupia kwenye bei. Ingekuwa imewekwa kiwango cha sifuri hapo ungedai. Kwaiyo bei kugoma kushuka sio lazima wenye maduka wawe wezi wote, ingawa wapo. Na 2019/20 hiyo hiyo walishusha kodi ya kampuni kutoka asilimia 30 mpaka 25 kwa miaka miwili kwa wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi. Sasa mtu ambaye hana kiwanda, anatengenezewa, hiyo ilimsaidia nini? Hamna kitu.

Kwaiyo mtu akiingia biashara ya pedi kwa jina la umaarufu ajue anashindana na chapa kubwa za nje ambazo zinazalisha kwa wingi mpaka pakiti kwao inagharimu kidogo mno, na huku chini kuna zinazouzwa rahisi. Jina la miss litamfanya mteja ajaribu pakiti ya kwanza. Pakiti ya pili mteja haangalii tena nani alikuwa na taji, anaangalia kama ilivuja.

#15

#14 😂😂 hiyo sentensi ya mwisho. Lakini ni kweli tupu.

#17

Kwani taji lenyewe linalipa? Nauliza serious. Tulikuwa tunaona wanapewa gari pale stejini.

#18 (mleta uzi)

Gari ndio hilo hilo. Gari halina mshahara, lina mafuta na bima. Mwaka unaisha anatawazwa mwingine na wewe unabaki "miss wa mwaka fulani". Jina linabaki, ila nalo lina muda wake, kama maziwa, ukichelewa kulitumia linaganda.

Angalieni waliofanya kitu. Haya mashindano ya Miss Tanzania yana historia, Theresa Shayo alitawazwa 1967 alafu yakapigwa marufuku mpaka 1994 ndio yakarudi, kwaiyo kizazi cha ma-miss wa biashara ni cha juzi tu. Jacqueline Ntuyabaliwe wa 2000 aliimba kwanza, mnamkumbuka K-Lynn, alafu akaingia kwenye usanifu wa ndani na samani, mbao, viti, meza za hadhi. Nancy Sumari wa 2005 aliyefika sita bora Miss World kule Sanya, China, na kuwa Miss World Africa, akaenda vitabu vya watoto na Jenga Hub wanafundisha watoto kompyuta. Faraja Kotta wa 2004 ni mwanasheria, akaja na Shule Direct, masomo ya sekondari kwa Kiswahili na Kiingereza kwenye simu. Basila Mwanukuzi wa 1998 yeye kachukua kazi ya kuandaa mashindano yenyewe kuanzia 2018, na hapo alikuta yameshachafuka, maana baada ya sakata la umri wa mshindi 2014 BASATA, baraza la sanaa, waliyafungia.

Ukiwaangalia hao, karibu kila mmoja alikuwa na kitu kingine mkononi mbali na sura. Sheria, muziki, umeme. Na hawakukaa kusubiri waitwe kufungua matamasha.

#20

Umemsahau Jokate Mwegelo na chapa yake ya Kidoti. Hakushinda hata, 2006 alikuwa wa tatu mwaka ambao Wema Sepetu alichukua, lakini kwa biashara aliwapita wengi. Nywele, ndala, mpaka Forbes wakamweka kwenye vijana wa Afrika 2017.

#21 (mleta uzi)

Sijamsahau, nilikuwa namweka pembeni makusudi maana yeye ni mfano wa kitu tofauti. 2018 akateuliwa DC Kisarawe, baadae Temeke, baadae Korogwe, na 2023 akapewa ukatibu mkuu UVCCM, umoja wa vijana wa CCM. Kwenye utumishi kafanya kazi, ile kampeni ya Tokomeza Zero Kisarawe, ya kupunguza wanafunzi wanaofeli, watu waliiona. Ila kwa upande wa biashara ndio swali langu, chapa iliyojengwa juu ya sura ya mtu mmoja inaishije mwenyewe akihamia ofisi ya serikali? DC hawezi kukaa Instagram anauza nywele. Mwenye biashara ya namna hii lazima afike mahali bidhaa ijiuze hata yeye akiwa kalala, na Bongo wachache sana wamefika hapo, sio ma-miss tu, hata wasanii wa muziki.

#23

Sasa mkuu na Flaviana si yale yale? Lavy bila Flaviana nani atanunua?

#25 (mleta uzi)

Swali zuri na sitakuwa shabiki hapa. Ndio, bado jina lake liko mbele, liko mpaka kwenye chapa. Tofauti ninayoiona ni mbili. Kwanza bidhaa zake ni za kurudiwa kama #7 alivyosema, kwaiyo mteja anaweza kuzoea bidhaa akamsahau mtu, jambo ambalo kwenye gauni au samani ni gumu. Pili, yeye alishaanza kuishi mbali na Bongo, kazi ilimlazimisha awe na watu wa kusimamia huku. Mtu anayeendesha mambo kwa mbali anajifunza kuandika vitu, hesabu, nani kapewa nini, mzigo umebaki kiasi gani. Anayeishi dukani kwake kila siku anaweka vyote kichwani na akiumwa duka linaumwa.

Kama imefika pa kujiendesha yenyewe mi siwezi kukuthibitishia, vitabu vyake vya hesabu sijavishika. Naangalia mwelekeo.

#26

Hapo kwenye kusimamiwa kwa mbali ndio watu wanalizwa sasa. Mimi nina dada yangu yuko nje alituma mzigo wa vipodozi, ndugu wakauza, hela ikaenda kwenye arusi. Arusi yenyewe hata hakualikwa.

#27

#26 😂😂😂 pole yake. Ndugu hao.

#29

Wakuu mimi ni binti niko chuo mwaka wa mwisho, nilikuwa mshindi wa tatu mashindano ya kanda, sio taifa. Nina wafuasi kiasi. Nataka kuanzisha chapa yangu ya losheni na sabuni. Mama wa #7 na mkuu wa mahesabu naombeni msaada, nianzie wapi bila kupoteza hela ya watu maana shangazi yangu ndio kaniahidi mtaji.

#31

Mwanangu wa #29, mimi #7.

Usianze na chapa. Najua itakuuma maana ushachora nembo, nawajua. Chukua hela ndogo ya shangazi, nunua losheni na sabuni ambazo tayari zinauzwa, zilizosajiliwa, uza kwa hao wafuasi wako miezi kadhaa. Utajua ni nani anatoa hela na nani anaandika "bei inbox" alafu anapotea. Utajua wanataka ya ngozi kavu au ya mafuta, chupa kubwa au ndogo, na wewe mwenyewe utajua kama kweli unapenda biashara au ulipenda picha za uzinduzi. Ukishaona watu wanarudi bila kuwakumbusha, hapo ndio unaongea na mtengenezaji akutengenezee kidogo kidogo.

Na jambo la pili, tena nakwambia kama mama. Usiingie kwenye losheni za kung'arisha. Zinauzika haraka, ndio, watakufuata wenyewe wakushawishi, "dada weka kidogo tu". Zenye zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa nchini, TBS wakikukuta wanateketeza mzigo wote, na ngozi za watu hazirudi. Wengi nimewaona walianza vizuri pale mtaani kwetu wakaishia hapo.

Shangazi muandikie karatasi. Hata kama ni shangazi.

#32

Naongezea la mama. Chukua TIN, namba ya mlipa kodi, mapema hata kama mauzo madogo, na usiogope VAT, kizingiti kilipanda 2023 kutoka mauzo ya milioni 100 kwa mwaka mpaka milioni 200, huko bado hujafika. Hela ya biashara iwe na laini yake ya simu peke yake, usichanganye na ya vocha na nauli. Hiyo ya laini moja ndio inaua wengi kuliko kodi.

#33 (binti wa #29)

Asanteni sana, nimesevu. Mama wa #7, hizo losheni za kuanzia nanunua Kariakoo mtaa gani ambako sitapigwa feki?

#34

Njoo inbox nikuelekeze, humu nikitaja duka wataanza kusema nimelipwa. Njoo siku ya kazi asubuhi, jumamosi hatutaongea.